Maji yaliyokaa uvunguni

Fundi amelala chali juu ya kipande cha boksi, pua yake shibiri mbili tu kutoka tumbo la tela. Tela lenyewe limeegeshwa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, chini ya minazi, limepandishwa juu ya matofali. Ndani lina kitanda, choo, jiko dogo na kiyoyozi, na hulaza wageni. Uvunguni limefungwa turubai jeusi la nailoni ya kusukwa, na turubai hilo limeota kitambi katikati. Fundi akakibonyeza kwa kidole. Kikacheza kama kiriba.

Akakitoboa kwa bisibisi.

Maji yakamshukia usoni, yakaingia kwenye kola, yakaendelea. Ndoo ya lita 20 ilipofika ilikwishachelewa, na bado ilipita nusu.

"Mama, paipu imepasuka huku!"

"Paipu gani?" akajibu mwenye tela. "Mfereji nimeufunga tangu asubuhi."

Fundi akayaonja kwa ncha ya ulimi. Hayana chumvi. Hayana harufu ya choo wala ya sabuni. Ulikuwa mwezi wa Januari, kaskazi inavuma, na mvua haijagusa mchanga ule kwa zaidi ya wiki.

Basi yametoka wapi? Swali hilo limenikaa kichwani wiki kadhaa, na jibu lake linabadilisha karibu kila kitu kinachoelezwa kuhusu kufunga uvungu wa tela.

Washukiwa wawili wa mwanzo

Bomba huwa la kwanza kushukiwa, na kulipima ni rahisi. Funga mifereji yote, washa pampu ndogo ya maji ya tela, ikishajaza presha itanyamaza. Kaa kimya robo saa. Ikijiwasha yenyewe, kuna mahali maji yanatoka. Hii haikujiwasha.

Wa pili ni mrija wa maji ya kiyoyozi. Fundi wengi huuchomeka popote kwenye tundu la sakafu na kuuacha hapo. Koroga rangi ya biriani katika lita moja ya maji, mimina kwenye kitrei cha kiyoyozi, kisha chungulia chini uone rangi inatokea wapi. Ilitokea nje, pembeni, inapostahili.

Hakukuwa na mshukiwa wa tatu wa kumkamata. Maji hayakuvuja kutoka popote.

Yalitoka hewani.

Maelekezo ya nchi za theluji

Aliyelifunga tumbo lile hakuwa mvivu. Alifuata maelekezo yaliyozagaa mtandaoni, hatua kwa hatua: sufi ya kioo, ile ya njano inayowasha mikono, ikashindiliwa chini ya sakafu kati ya mataruma ya chuma ya chasisi, kisha turubai likapita chini yake na kupigwa skrubu pembeni.

Kwa walioandikiwa, maelekezo hayo yana mantiki yake. Kanada na kaskazini mwa Marekani, adui ni barafu. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na hapo bomba hupasuka na valvu ya tangi huchanika. Kwa hiyo wanafunga uvungu, wanapitisha humo mrija wa hewa ya moto kutoka kwenye tanuri la tela, na matangi yanapita majira ya baridi salama. Nailoni ya kuzuia mvuke wanaiweka upande wenye joto, yaani upande wa chumba, ili pumzi za watu na mvuke wa birika visifike kwenye sehemu baridi vikageuka maji.

Upande wenye joto.

Hapa Unguja upande wenye joto ni upi? Ni nje. Ni kule chini, mchangani, ambako hewa imejaa bahari. Chumba ndicho kibaridi, maana mgeni akifika tu anabonyeza rimoti mpaka 18. Mvuke wa kwao unatoka chumbani kwenda nje. Wa kwetu unatoka nje kwenda chumbani, na unapita uvunguni.

Hesabu ya jasho

Gilasi ya sharubati ya baridi ikiwekwa barazani inatoka jasho, na kila mtu anajua kwamba sharubati haijavuja. Hewa iliyogusa gilasi imepoa ikashindwa kubeba maji yake. Kila hewa ina nyuzi zake za kuangusha maji. Hewa ya 30°C yenye unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida pwani yetu, huanza kuyaangusha ikigusa kitu chenye 26°C au pungufu.

Sasa chukua sakafu tupu ya plaiwudi ya milimita 18, isiyo na kitu chini yake. Chumbani 22°C, nje 30°C. Uso wa chini wa plaiwudi utakuwa na kama 27.5°C, kwa sababu hewa ya nje inaupasha moja kwa moja. Ni mkavu, ingawa kwa kunusurika. Shusha kiyoyozi hadi 18 na utaanza kuukaribia umande. Usiku, unyevu ukipanda, utalowa.

Halafu weka sufi ya sentimita 5 chini ya plaiwudi hiyo hiyo. Sufi inafanya kazi yake: inazuia joto la nje lisiifikie mbao. Uso wa chini wa plaiwudi unashuka hadi kama 23°C. Lakini sufi haizuii hewa. Ni nywele tupu. Hewa yenye unyevu inapenya pembeni mwa turubai, inapita katikati ya nywele, inafika kwenye mbao ya 23°C na kuacha hapo karibu gramu 4 za maji kwa kila mita ya ujazo.

Gramu 4 hazijazi hata kijiko cha chai. Ila upepo wa pwani haukomi, na kiyoyozi kinawaka kila usiku.

Hapo ndipo nilipokwama muda mrefu, maana akili inakataa: sakafu ilikuwa kavu kabla ya kuwekewa kizuia joto, ikalowa baada ya kuwekewa. Kazi iliyofanywa nusu ilikuwa mbaya kuliko kazi isiyofanywa. Na turubai lililotakiwa kulinda likawa beseni: pembeni linaruhusu hewa kuingia, katikati haliruhusu maji kutoka.

Je, kuna haja yenyewe?

Tela la mita 6 kwa 2.2 lina sakafu ya mita za mraba 13.2. Kwa tofauti ya nyuzi 8, sakafu tupu inaingiza joto la kama wati 300. Ikiwekewa sentimita 5 za bodi nzuri, inaingiza kama 60. Kiyoyozi cha kawaida hutumia takriban theluthi ya hapo kwa umeme, kwa hiyo unaokoa wati 80 hivi. Kikiwaka saa 12 kwa siku, ni kama yuniti moja ya Tukuza, ule umeme wa kununua kabla ya kutumia.

Yuniti moja.

Paa la tela lililopigwa jua la saa saba mchana linaingiza joto kuliko hilo mara kadhaa. Ukiwa na fedha ya kazi moja tu, peleka juu: rangi nyeupe, kivuli cha makuti kilichoachana na bati kwa shibiri moja, kisha bodi darini. Na tela lisilo na kiyoyozi, lenye feni na madirisha, halihitaji kizuia joto uvunguni hata kidogo. Lipigie rangi, ziba matundu ya panya, liache lipigwe na upepo.

Wa kufunga ni yule mwenye kiyoyozi cha kila siku. Na kinachomfanya afunge si yuniti, ni mbao. Plaiwudi ikilowa chini kwa misimu miwili inaachana matabaka, na fundi wa sakafu mpya atabomoa kitanda, kabati na choo ili aifikie.

Chombo huzibwa upande wa maji

Mafundi wa Nungwi wakimaliza kuunga mbao za jahazi hupiga kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta inashindiliwa kwenye kila ufa, kutoka nje. Kisha deheni, mafuta mazito ya kuzuia maji, inapakwa chini, nje. Hakuna anayepaka deheni upande wa ndani akatumaini. Na pamoja na yote hayo bado wanajua maji kidogo yataingia, ndiyo maana chombo kina ngama, mahali pa maji kujikusanya yakombwe.

Uvungu wa tela la pwani ni hivyo hivyo. Kinachozuia hewa lazima kiwe upande wa nje wa mbao baridi, kishikamane nayo, kisiache ufa. Kizuia joto kisiwe cha kunywa maji. Na yale yatakayovuja siku mfereji wa jikoni ukilegea yawe na pa kutokea.

Kazi yenyewe

Kwanza usalama. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Mtu haingii chini mpaka tela likae juu ya stendi za chuma zilizowekwa chini ya chasisi, juu ya vipande vya mbao pana ili zisizame mchangani, na magurudumu yamezuiwa pande zote mbili.

Bomoa turubai na sufi yote. Usijaribu kuianika uirudishe. Ikishalowa inashikana na kupoteza kazi. Osha uvungu wote kwa maji baridi, siyo ya kisima chenye chumvi, halafu uache wazi. Wiki mbili kiangazi, zaidi ya hapo wakati wa masika, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Chomeka ncha ya bisibisi kwenye plaiwudi kila shibiri mbili. Ikizama kirahisi, kipande hicho kinakatwa. Hapa haraka inaumiza, hasa kama sakafu kwa juu imegandishwa zulia la mpira: mbao mbichi ukiifunga chini haina pa kupumulia tena, itaozea mahali pake.

Chuma sugua kwa brashi ya waya mpaka king'ae, paka praima yenye zinki mikono miwili, halafu rangi ya epoksi. Rangi ya lami ni rahisi na inafaa kwa chasisi, lakini usiipake pale bodi itakapogandishwa. Gundi haikai vizuri juu yake. Kisha piga picha za kila waya na kila bomba, na kipimo cha mita kionekane kwenye picha. Mwaka ujao mtu atatoboa hapo.

Sasa matundu. Hii ndiyo kazi halisi, na ndiyo inayorukwa. Kila bomba linalopenya sakafu limezungukwa na tundu kubwa kuliko lenyewe, kwa sababu kiwandani hutoboa kwa haraka. Tundu la bomba la choo pekee linaweza kupitisha ngumi. Tundu pana jaza povu la kopo, lisubiri likauke, likate, kisha lipake silanti ya poliyurethani, ile dawa ya mrija ya kuzibia nyufa, juu yake. Jembamba ni silanti peke yake. Silikoni ya kawaida ya bafuni inaachia chuma mapema.

Bodi ziko za aina mbili madukani. Ile nyeupe ya chengachenga, kama ya boksi la samaki, ni rahisi na inafaa, ila uso wake wa chini uvalishwe karatasi ya alumini. Ile ya rangi iliyoshikamana bila chengachenga hainywi maji na ni ngumu zaidi, ikipatikana ichukue. Kwa mita 13.2 za mraba, bodi za mita 1.2 kwa 2.4 zinatosha 5, nunua 6. Ile rola inayong'aa ya kuwekwa chini ya mabati usiitegemee peke yake: ukiigandisha moja kwa moja kwenye mbao, mng'ao wake haufanyi kazi, maana unahitaji nafasi ya hewa mbele yake.

Kata kila kipande kiwe pungufu ya nafasi yake kwa milimita 10. Paka gundi pembezoni mzunguko mzima bila kuacha pengo, na mistari miwili katikati, kisha kandamiza juu na uegemeze kwa vijiti mpaka ishike. Gundi ya makopo ya mafundi viatu inayeyusha bodi nyeupe kama sukari, na petroli pia. Tumia iliyoandikwa kuwa ya bodi za povu. Ule upenyo wa milimita 5 kila upande jaza povu la kopo, sawazisha, bandika utepe wa alumini.

Mataruma yakiwa kila sentimita 60, una nafasi 10 na kingo za jumla ya mita 56. Mrija mmoja wa mililita 300, wa gundi au wa silanti, ukikamuliwa unene wa milimita 6 unakwenda kama mita 10. Kwa hiyo mirija 6 ya gundi kwa kingo, mbali na ile mistari ya katikati, na 2 ya silanti kwa matundu.

Yanabaki mataruma yenyewe. Chuma kinagusa sakafu baridi juu na hewa ya moto chini, na kitatoka jasho hata kama katikati umeziba vizuri. Kivalishe ukanda wa bodi wa milimita 25 kwa chini, upana uzidi chuma kwa sentimita 5 kila upande, utepe juu yake. Wengi wanaona ukanda huu ni mapambo. Bila huo utaona mistari ya kutu inayofuatana kama mbavu.

Mwisho ni ngao: alumini bapa, au ile bodi ya plastiki yenye mifereji ndani wanayotengenezea vibao vya matangazo. Ngao hii haizuii mvuke. Hiyo kazi imeshafanywa na bodi na utepe. Inazuia mawe, kuku na panya. Kwa hiyo inaweza kutobolewa: tundu moja la milimita 10 kwenye kona ya chini ya kila nafasi, lenye wavu. Hiyo ndiyo ngama yako. Chini ya valvu za matangi acha kilango cha sentimita 30 kwa 30 kinachofunguka kwa skrubu nne.

Lisilozibwa

Sakafu ya tela lenye jiko la gesi huwa na matundu ya makusudi, mara nyingi karibu na jiko au ndani ya kabati la mtungi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka, na matundu yale ndiyo mlango wake wa kutokea.

Usiyazibe. Yapitishie kipande cha bomba kuanzia sakafuni hadi chini ya ngao, kionekane wazi, chenye wavu. Fundi asiyeambiwa atayaziba kwa nia njema kabisa, pamoja na ya panya.

Chumvi na wapangaji

Pwani ya mashariki kusi huleta bahari mpaka mlangoni. Skrubu ya chuma cha kawaida kwenye alumini itaacha machozi ya kutu kabla ya mwaka kuisha, na alumini iliyolazwa juu ya chasisi isiyo na kitu katikati italika hadi kuwa unga mweupe. Weka ukanda wa mpira kati ya metali hizo mbili, na skrubu za chuma kisichopata kutu, daraja la 316, kila moja na washa ya mpira. Kila sentimita 20 zinafika kama 180. Nunua 200, maana mchanga unakula.

Chungu wanapenda bodi nyeupe kupita kiasi. Hawaili, wanaichimba vyumba. Mlango wao ni ukingo uliokosa utepe. Mchwa wanapanda kupitia magogo ya kuegemeza tela, hivyo egemeza kwa matofali na chuma. Panya waachie wavu wa chuma kwenye kila tundu linalopita kidole, si povu. Povu wanalitafuna kama mkate.

Na ile sketi ya kuzungushia tela pande zote, wanayoweka wenzetu kuzuia upepo wa theluji? Hapa acha upepo upite. Ukitaka kuficha magurudumu, shusha makuti mpaka shibiri moja kutoka chini, yaachane. Kuta za mawe kuzunguka tela zinafungia unyevu wa mchanga humo humo na kuwaita paka wazalie.

Kiganja

Kupima kazi kunahitaji usiku mmoja. Kiyoyozi 20, mlango umefungwa, tangu magharibi. Alfajiri, kabla jua halijapasha mchanga, mtu anaingia chini na tochi, ngao ikiwa bado haijafungwa, na kupitisha kiganja polepole kwenye kila kiungo cha utepe, kila taruma, kila bomba. Panapolowa, hewa inapita.

Kwenye tela la Jambiani kiganja cha fundi kilirudi kikavu mataruma yote, kikavu kingo zote. Kililowa mahali pamoja, penye bomba la choo.

"Mama, ule mrija wa silanti umebakia?"